Kisu cha kukunja cha bei kubwa: waranti yake itarajiwe iweje?

Nguzo_Mafinga

Heshima kwenu wakuu.

Nipo Mafinga, kazi za msituni na shambani: kukata kamba, kukwangua gome kabla ya kupaka alama ya rangi, kupogoa matawi madogo ya parachichi, na humohumo kukatia chakula cha mchana. Nataka kisu cha kukunja cha maana, bajeti laki tano mpaka saba. Kuna muuzaji wa Dar anauza mtandaoni, anasema vyake vina "lifetime warranty". Nikimuuliza maana yake ananijibu "maisha yote boss, ondoa shaka".

Naomba wanaovijua hivi vitu wanisaidie. Kwa bei hiyo ni haki yangu kutarajia nini? Ncha ikikatika, loki (kizuizi cha bapa lisijifunge) ikilegea, au kutu ikiingia, nani anabeba? Na kama kiwanda kiko Marekani, mtu wa huku Nyanda za Juu anaipataje hiyo waranti kwa vitendo?

Mnoaji_Soweto

Mkuu Nguzo, huyo hajakujibu. Maisha ya nani? Ya kisu, ya mnunuzi, au ya duka lake? Kwa kampuni nyingi za Marekani ni maisha ya mnunuzi wa kwanza, aliyenunua kwa muuzaji anayetambuliwa na kiwanda, na mwenye risiti. Ukinunua kwa mtu wa mkononi, hata kisu kikiwa kwenye boksi na nailoni yake, kimaandishi wewe ni wa pili. Kwa hiyo swali la kwanza kwa huyo wa Dar lisiwe la miaka. Muulize kama yeye ni wakala aliyeorodheshwa. Kampuni nyingi huweka orodha ya mawakala kwenye tovuti zao, na kama duka halionekani unaweza kuwaandikia barua pepe ukawauliza. Kama hawamjui, basi hiyo waranti ni ahadi yake yeye, kiwanda hakimo.

Lile neno "limited" utakalolikuta mbele ya "lifetime" lisikutishe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 inataka waranti ya maandishi ya bidhaa inayozidi dola 10 iseme kama ni kamili au ina mipaka. Visu karibu vyote vina mipaka. Cha kufanya ni kuisoma hiyo mipaka kabla ya kutoa hela.

Mipaka yenyewe inafanana sana kutoka kampuni hadi kampuni: inafunikwa kasoro ya malighafi na ya utengenezaji, basi. Makali kuisha, mikwaruzo, kutu, kupotea, kuibiwa, kubandua kitu kwa kutumia bapa, kuchezea umbo la kisu, vyote viko nje. Tairi likiisha kwa kutembea hulirudishi dukani, na makali ni hivyohivyo.

Mifano ya kampuni ili upate picha:

Victorinox wa Uswisi wanatoa waranti ya maisha kwa kasoro za malighafi na utengenezaji, ila sehemu za umeme (zile zenye taa na kadhalika) ni miaka 2. Uchakavu wa kawaida na matumizi mabaya hawagusi. Leatherman wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, wao wamesema wazi miaka 25, na wametoa nje mkoba, vifaa vya ziada na rangi ya juu. Mimi naipenda hiyo ya miaka 25 kuliko "maisha", maana haina fumbo. Benchmade wana waranti ya maisha kwa mnunuzi wa kwanza, na juu yake wana huduma wanayoiita LifeSharp: unawapelekea kisu wanakisafisha, wanakitia mafuta, wanakirekebisha na kukinoa bila kutoza kazi yenyewe. Bapa likiwa limeharibika kwa matumizi wanaweza kulibadilisha kwa malipo. Chris Reeve wa Boise, Idaho, visu vyao vinazidi bajeti yako mbali, ila nawataja kwa sababu kisu kinakuja na funguo zake ndani ya boksi: wanataka mwenye kisu akifungue na kukisafisha mwenyewe.

Sasa penye utata ni pale kasoro na matumizi vinapokutana, na hapo ndipo madai mengi yanapokataliwa. Fundi wa kiwandani akipokea kisu anasoma alama, hasomi barua yako.

Bapa linacheza. Fungua kisu mpaka loki iingie, shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa mwingine, kisha tingisha kushoto na kulia. Likicheza hivyo, mara nyingi ni skurubu ya bawaba imelegea. Hiyo si kasoro, unakaza. Tingisha tena juu na chini, yaani kuelekea kwenye makali na kuelekea mgongoni. Likicheza huko wakati kisu ni kipya, tatizo liko kwenye sehemu loki inapokutana na kisigino cha bapa (mwisho wake wa upande wa bawaba), na kukaza bawaba hakutaliondoa. Hilo ndilo dai halali.

Loki ya bati la ndani au ya fremu (bati, au ubavu wa mpini wenyewe, linaloingia nyuma ya bapa kulizuia lisijifunge). Kisu kipya kikifunguka, bati liwe limeingia chini ya kisigino cha bapa kwa kiasi cha theluthi hadi nusu hivi ya unene wa kisigino hicho. Likigusa ukingo tu, linaweza kuponyoka likiwa na mzigo na bapa likakufungia vidole. Likiwa limevuka mpaka ubavu wa pili siku ya kwanza, halina nafasi ya kusogea litakapoanza kuchakaa. Yote mawili rudisha, usikubali kuambiwa "litazoea".

Loki inanata, unaisukuma kwa nguvu ndipo iachie. Titani ikisuguana na chuma hunata kisu kikiwa kipya. Paka risasi ya penseli kwenye uso wa loki unaogusa bapa, fungua na funga mara kadhaa. Ikiendelea vilevile baada ya wiki mbili tatu za kazi, andika dai.

Makali yanameguka vipande vidogovidogo. Hapa watu wanakosea sana. Makali ya kiwandani hutiwa kwa mashine, na ule ukingo mwembamba kabisa unaweza kuwa umepata joto kuliko bapa zima. Noa mara mbili tatu kwenye jiwe la maji ili uondoe huo ukingo. Makali mapya yakishika, kisu hakina ubaya. Yakizidi kumeguka hata baada ya hapo, kwa kazi ya kamba na matawi tu, inawezekana chuma hakikupikwa sawasawa, na hapo una hoja.

Ncha kukatika. Ikikatika ikiwa imepinda, au bapa likiwa na mkunjo karibu na mpasuko, ni kubandua. Kufungulia kopo, kung'olea msumari, kutenganishia mbao. Hakuna kampuni inayolipa hiyo kama kasoro, ingawa zipo zinazokuchongea ncha upya kwa hisani.

Springi kukatika: kwa visu vinavyotumia springi kwenye loki, hukatika bila kosa la mwenye kisu, na kampuni kubwa hulishughulikia kama dai la kawaida.

Na moja la kuua waranti papo hapo: kunoa kwa grenda au jiwe la umeme la wale wanaonolea mapanga. Jiwe likiwa kavu, ukingo unapata joto, chuma kinabadilika rangi, kwanza njano ya majani makavu halafu bluu. Penye bluu chuma kimeshalainika, na hata ukiifuta rangi ile kwa msasa, kinabaki laini mpaka utoe chuma chenyewe.

Clearing_Tunduma

Mnoaji kamaliza upande wa kisu. Naongeza upande wa mzigo, maana waranti ya kiwanda cha Oregon kwa mtu wa Mafinga ni suala la usafirishaji kabla halijawa la chuma.

Masharti mengi yanasema kupeleka ni gharama ya mteja. Kurudisha wengine wanalipa ndani ya nchi yao tu. Kwa hiyo piga hesabu. Chukua mfano tu: kisu laki sita na nusu, kwenda laki moja na ishirini, kurudi hivyohivyo, na huku ukipokea unaweza kudaiwa ushuru. Kwa dai la klipu ya mfukoni iliyolegea umeliwa. Kwa bapa lenye ufa, hesabu inaweza kulipa.

Utaratibu ni huu. Usitume chochote kabla ya kuandikiwa na kampuni. Utawaandikia kwanza, watakupa namba ya dai, na hiyo namba unaiandika ndani ya boksi na nje. Funga bapa, zungushia utepe wa gundi ili lisifunguke, tia kwenye boksi gumu; bahasha hutoboka. Kwenye fomu ya forodha andika ukweli: kisu cha kukunja, kinarudishwa kiwandani kwa matengenezo, si cha kuuzwa. Andika na namba ya bapa kama inayo. Tuma kwa njia yenye kufuatiliwa, EMS ya Posta au kampuni za kimataifa za vifurushi. Kabla hujatuma, waulize hao wasafirishaji kama wanapokea kisu kwenda nchi hiyo, kwa sababu visu vinavyofunguka kwa kitufe vina makatazo mahali pengi, Uingereza ikiwemo.

Kabla hakijaondoka nenda TRA na hizo karatasi, uliza utaratibu wa bidhaa inayotoka kwa muda kwenda kutengenezwa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaitambua hali hiyo. Ukituma kimyakimya, kitakaporudi kitaonekana ni kisu kipya kilichoagizwa, na mzigo wa kuthibitisha utakuwa wako. Na wakikubadilishia kipya badala ya kutengeneza cha zamani, omba barua inayosema hivyo, kwa sababu namba ya kilichorudi haitafanana na ya kilichotoka.

Ukimpa mtu anayesafiri akusaidie, kiingie kwenye begi la mizigo. Kwenye begi la mkononi kitaishia kwenye ndoo ya usalama pale uwanjani, iwe Songwe au Dar.

Ila njia rahisi kuliko zote hizo: omba kipuri. Skurubu, klipu, wakati mwingine washa (vile vijipete vya bawaba) na springi, kampuni nyingi huzituma kwa bahasha ndogo ukiwapelekea picha nzuri na risiti. Waambie tangu barua ya kwanza kwamba uko Tanzania na ungependa kipuri kuliko kutuma kisu kizima.

Mkulima wa Tukuyu

Wakuu mnamtajia Oregon na mtu yuko Mafinga. Mimi napinga kidogo.

Kwa kazi alizotaja, laki saba ya nini? Chukua Victorinox ya bapa moja yenye loki, au Opinel (kisu cha Kifaransa cha mpini wa mbao) namba 8 mbili kwa hela ndogo zaidi, abaki na chenji ya jiwe zuri la kunolea. Opinel wana ile pete ya kuzungusha ya Viroblock, walianza kuitumia mwaka 1955, haina springi ya kukatika wala skurubu ya kupotea. Kisu kikimfia msituni hana haja ya kumwandikia mtu barua.

Tena suala la kutu mmelipita haraka. Kwa huku kwetu Rungwe mvua karibu mwaka mzima, Mufindi nako ukungu, kutu ndiyo itakayomtesa kuliko loki. Chuma cha D2 kinauzwa sana kwenye visu vya bei ya kati, na wauzaji wanakiita hakishiki kutu. Kina kromiamu kiasi cha asilimia 12 tu, na sehemu yake imefungwa kwenye kaboni, kwa hiyo kinashika. Ukikatia ndizi, ule utomvu ukiachwa usiku kucha unaacha madoa meusi. Waranti haitakusikiliza. Akitaka cha bei, angalau achague chuma kinachostahimili unyevu. MagnaCut, kilichotoka mwaka 2021, kinastahimili vizuri na bado kinashika makali muda mrefu. Kile cha Victorinox ni laini kidogo, karibu 56 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, unakinoa mara nyingi zaidi lakini kinanoleka dakika chache na hakimeguki.

Opinel nayo achukue ile isiyoshika kutu, ya kaboni itamsumbua. Na mpini wake wa mbao ukilowa unavimba, bapa linakuwa gumu kufunguka. Unauacha ukauke taratibu, si juani. Hiyo nayo si kasoro.

Mnoaji_Soweto

Mkulima, kwenye D2 tuko pamoja. Kwenye Opinel, sawa kwa parachichi na chakula, lakini kukwangua gome la msonobari siku nzima mpini wa mbao na pete vitajaa utomvu. Utomvu wa msonobari ukikauka ndani ya bawaba ni gundi. Unaondolewa kwa spiriti au mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kisha unafuta, unaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unakausha kabisa, halafu tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa bawaba. Tone moja, mafuta mengi yanakusanya unga wa mbao. Mwenye Victorinox ya mpini mwekundu asithubutu kutumia asetoni, ile plastiki inayeyuka, na akidai waranti watacheka.

Kuhusu laki saba, uamuzi ni wake. Ila bei ikishazidi laki nne hivi, unachonunua zaidi ya chuma ni watu watakaokujibu kitu kikiharibika. Ukikitoa hicho, Mkulima yuko sahihi, asinunue.

Nguzo_Mafinga

Shukrani sana wakuu, nimeelewa mengi. Nimemrudia muuzaji na maswali yenu. Ameleta picha ya kadi ya waranti, ina jina la kampuni lakini haina muhuri wa duka wala tarehe. Anasema risiti ipo, ila nikifungua skurubu yoyote "waranti imekufa", na kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Je, hiyo ya skurubu ni kweli? Na kisu kikifika na basi nikikague vipi?

Duka_Mwanjelwa

Naingia kama mtu wa dukani, siuzi visu ila sheria za risiti ni zilezile.

Kadi bila muhuri ni karatasi. Kampuni nyingi siku hizi hata hazijali kadi, zinataka risiti. Basi risiti iwe ya EFD na iandike jina la kisu na modeli. Ukiona imeandikwa "bidhaa" au "vifaa" tu, mwambie aitoe upya, maana haithibitishi kwamba ulinunua kisu hicho. Halafu ipige picha siku hiyohiyo. Karatasi ya EFD inafifia, hasa ukiiacha kwenye gari au pochi, na dai la mwaka wa nne utalipeleka na karatasi nyeupe. Kama kampuni ina usajili mtandaoni, sajili mara moja.

"Ikishauzwa hairudishwi" ni maneno ya ukutani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iwe na ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamlinda mlaji, na ikifika huko ni Tume ya Ushindani, FCC. Kubadili mawazo kwa sababu hujaipenda rangi, hapo muuzaji ana haki ya kukukatalia. Kasoro ni jambo jingine. Ndiyo maana mwandikie kwa meseji kabla ya kulipa: "nakitaka kwa kazi ya shambani na msituni, kukata kamba na matawi madogo." Akishajibu kwamba kinafaa, una ushahidi wa kazi uliyomweleza.

Na wewe usidai maisha kwake. Mwombe mambo mawili anayoyaweza: siku saba za kubadilisha kikija na kasoro, na ndani ya miezi 12 yeye ndiye abebe gharama ya kukifikisha kiwandani. Akikataa yote mawili, mshushe bei au achana naye.

Mnoaji_Soweto

Ya skurubu: ukweli wa nusu. Kampuni zina misimamo mitatu. Zipo zinazokuruhusu kufungua kisu chote. Zipo zinazosema fungua, lakini ukiharibu wakati wa kufungua ni juu yako. Na zipo zinazosema ukikitenganisha, waranti imekwisha. Soma ya kisu chako kwenye tovuti, usimsikilize yeye. Lakini kukaza bawaba na kutenganisha kisu ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi kukaza hakuna ubishi.

Kinachoharibu ni bisibisi mbovu. Visu hivi vingi vina Torx (skurubu za tundu la nyota), T6 na T8 kwenye skurubu ndogo, T8 au T10 kwenye bawaba. Bisibisi laini ya seti ya bei chee inalika na kuchimba kichwa cha skurubu, na kichwa kilichochimbika ni cha kwanza kuonekana kiwandani. Nunua vichwa viwili vya chuma kigumu, vinatosha. Unakaza kwa robo ya robo ya mzunguko, unajaribu, unaongeza. Ikilegea kila wiki, itoe, ifute kwa spiriti, weka kitone cha Loctite ya bluu (gundi ya kuzuia skurubu isilegee) kwenye nyuzi peke yake, irudishe, acha siku nzima. Ikiingia kwenye beringi au washa, kisu kinaganda. Ya nyekundu usiiguse kabisa, inahitaji moto mkali kuachia.

Kukagua kikifika. Kabla ya kukatia chochote, maana kikishaonyesha matumizi muuzaji atajificha hapo. Piga picha ya boksi lililofungwa na bapa pande zote mbili. Kikiwa kimefungwa, angalia kutoka juu: bapa likae katikati ya mpini. Likielemea upande kidogo si hoja kama haligusi. Likigusa linajikwaruza, na ukikaza bawaba bila kubadilika, rudisha. Bado kimefungwa, kielekeze chini na kitingishe kwa nguvu. Bapa likitoka lenyewe, kile kijipira kinachoshikilia bapa ni dhaifu, na hicho ni kisu kitakachokufungukia mfukoni. Sitaki kukuona nacho.

Fungua, fanya ile mitingisho miwili niliyoeleza. Halafu ukiwa umeshika mpini ubavuni, vidole vikiwa nje kabisa ya njia ya bapa, sukuma mgongo wa bapa dhidi ya ukingo wa meza ya mbao, taratibu ukiongeza nguvu. Loki isisogee. Usigonge kwa kishindo kama wanavyofanya kwenye video, kugonga kunaweza kuharibu loki nzima, na hapo kasoro umeitengeneza mwenyewe.

Malizia kwa kukata karatasi kuanzia kisiginoni mpaka nchani. Ikikwama sehemu moja kila mara, makali yana pengo. Kisha geuza kisu uangalie mstari wa makali pande zote mbili: upana ulingane. Upande mmoja ukiwa mpana mara mbili ya mwingine, kilinolewa kwa kulazimisha. Kinakata, ila kwa laki saba una haki ya kukataa.

Na kama ni jina kubwa na bei imeshuka ajabu, shuku feki. Feki za visu vya Marekani ni nyingi na zina mpaka boksi. Tafuta kwenye tovuti ya kampuni rangi na chuma cha modeli hiyo. Feki mara nyingi inatoka kwa rangi ambayo kiwanda hakijawahi kuitoa, au maandishi ya bapa yanataja chuma kisichokuwepo kwenye modeli hiyo. Feki haina waranti popote.

Clearing_Tunduma

Nguzo, ukifika mahali pa kudai, barua iwe fupi na ya Kiingereza, iwe na: modeli, namba ya bapa, tarehe na duka, picha ya risiti, kazi uliyokuwa unafanya, na tatizo kwa sentensi moja. Video ya sekunde kumi ya bapa likicheza juu na chini inashinda aya tatu za maelezo. Kama ulikibandulia kitu, sema. Wakikuta alama wenyewe wanafunga faili, ukisema mapema mara nyingine wanakutengenezea kwa malipo madogo.

Nguzo_Mafinga

Amejibu. Siku saba amekubali kwa maandishi, gharama ya kiwandani amekataa, kashusha elfu themanini. Risiti itaandikwa modeli. Kuhusu uwakala nimewaandikia kampuni wenyewe, nasubiri jibu lao kabla sijatuma hela.

Mkulima wa Tukuyu

Elfu themanini hiyo nunua jiwe la kunolea, la upande wa 1000 na upande wa 6000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi).

Mnoaji_Soweto

Upande wa 400 na wa 1000 unamtosha. 6000 ni ya kunyolea ndevu.